Kwa mwanangu, kuhusu Sobibor na wale manusura

Mwanangu,

Kwenye meseji yako umeniletea swali la rafiki yako, eti kama wanaakiolojia wameshachimba Sobibor wakakuta misingi yenyewe ya vyumba vya gesi vya kuulia watu, hawa manusura wa nini tena, si wazee wanasahau, si huyu anasema hivi na yule vile? Nakujibu kwa kuandika maana kwenye simu utanikatiza.

Sobibor ilikuwa kambi ya mauaji ya Wanazi, mashariki mwa Poland, ilianza kuua Mei 1942 na waliouawa pale ni kama watu 170,000 au zaidi, karibu wote Wayahudi. Tarehe 14 Oktoba 1943 wafungwa wakaasi, walioongoza ni Leon Feldhendler na ofisa mmoja wa jeshi la Kisovieti, Alexander Pechersky, wakatoroka kama 300 lakini waliouona mwisho wa vita ni kama 50 tu. Baada ya hapo Wajerumani wakabomoa kila kitu na kupanda miti juu yake. Yaani walitaka pasibaki mtu wa kusema wala kitu cha kuonyesha.

Sasa hapa ndo penye jibu lako. Vyumba vya gesi vilikuwa sehemu iliyotengwa, Kambi ya 3, na wafungwa waliofanyishwa kazi mle ndani hakuna hata mmoja aliyepona. Manusura wote unaowasikia walikuwa upande wa pili wa ua, moto waliuona, harufu waliipata, vyumba vyenyewe hawakuvikaribia, sasa ukiwauliza vilikuwa vingapi unategemea wajibu sawa? Hilo sio uongo wala uzee. Yoram Haimi wa Israeli na Wojciech Mazurek wa Poland walianza kuchimba 2007, na ilikuwa 2014 ndo wakakuta misingi ya matofali chini ya lami iliyomwagwa palepale kwenye eneo la kumbukumbu, watu wamekanyaga juu miaka na miaka. Hapo nakubali, jembe lilijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

Lakini manusura hao hao wamesimulia kwamba kambini kulifugwa bata bukini, na watu wakishaingizwa kule kwenye vyumba vya gesi bukini wanakimbizwa makusudi wapige kelele ili mayowe yasisikike. Hiyo utaichimba wapi? Hata ukikuta mifupa ya bukini utaandika tu kwamba walinzi walikula bata. Alafu kuna ile kesi ya Hagen, Ujerumani, 1965 hadi 1966, manusura walisimama mahakamani wakamtambua Karl Frenzel, mmoja wa maofisa wa Kinazi waliokuwa pale kambini, na kusema alichofanya, akapewa kifungo cha maisha, na wakati huo yale matofali bado yalikuwa chini, yamebakiza karibu miaka 50 kuonekana. Wangesubiri?

Kuna kidani kimoja hakinitoki kichwani, kilipatikana 2016 mahali ambapo inaaminika wanawake walivuliwa nguo na kunyolewa nywele kabla ya kupelekwa kuuawa. Kina maneno ya heri kwa Kiebrania, tarehe 3 Julai 1929 na jina la mji, Frankfurt. Watafiti wa Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, wakapekua orodha za waliosafirishwa wakampata binti aliyezaliwa siku hiyo mji huo, Karoline Cohn, alipelekwa Minsk Novemba 1941. Udongo ukatoa tarehe, makaratasi yakatoa jina, ila kama alifika Sobibor mwenyewe amekivaa au kilikuja na mtu mwingine, hapo pote kimya, maana aliyekuwa karibu naye na angeweza kusema hayupo.

Kwa hiyo huyo rafiki yako anayesema mashahidi wanajikanyaga, muulize kwanza, shahidi gani, alikuwa kambi ya ngapi, na kazi yake pale ilikuwa nini. Akishindwa kujibu hayo matatu usipoteze bando lako kubishana naye.

Nipigie jumapili.

Mama