Mhadhiri wa uuguzi, usisubiri upate nafasi

Wahadhiri wenzangu wa uuguzi, tuambiane ukweli: anayesubiri apate nafasi ndipo aandike makala za utafiti, atastaafu hajaandika. Mwenzako wa kitivo kingine akimaliza kipindi anajifungia ofisini. Wewe unakimbilia wodi ya wazazi, wanafunzi wanakungoja na logibuku (daftari za kazi walizofanya wodini) za kusainiwa. Jioni kuna rundo la mitihani. Kisha ukiomba kupandishwa cheo, hakuna anayeuliza umesimama wodini kwa saa ngapi. Unaulizwa umechapisha nini.

Mimi niliacha kutafuta muda wa pembeni, nikaanza kutafiti palepale ninaposimama. Chukua patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua. Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kuandikwa kila nusu saa, lakini unakuta usiku mzima umejazwa kwa mkupuo, kalamu moja, mwandiko mmoja: 140, 140, 140. Kwa nini? Muuguzi hajui, au yuko peke yake na wajawazito wote wale? (Mimi naelekea kwenye la pili.) Hilo tayari ni swali la utafiti, na unapita mbele yake kila zamu.

Ila usinukuu hata tarakimu moja kutoka kwenye faili kabla ya kibali cha maadili. Hapa Tanzania ni kamati ya chuo chako, au NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) pale inapohitajika, na ruhusa ya hospitali ni jambo jingine tena. Andika andiko la utafiti wakati wanafunzi wako likizo, lipeleke, kibali kikusubirishe huku unafundisha. Na kama washiriki ni wanafunzi wako mwenyewe, mwombe mtu mwingine achukue ridhaa yao. Nani atamkatalia anayemsahihishia mtihani?

Majarida ya kulipia yasikukatishe tamaa. Mkutubi wa chuo akupe nywila ya Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, unaokufungulia majarida ya afya bure au kwa bei nafuu. Ada ya kuchapisha nayo, wachapishaji wengi wakubwa huisamehe au kuipunguza kwa nchi kama yetu, ila omba unapowasilisha makala; ikishakubaliwa, mara nyingi umechelewa. Barua pepe inayokuita "Profesa mtukufu" na kukuahidi kuchapishwa ndani ya wiki moja, ifute.

Mtakwimu mtafute kabla ya kukusanya data. Na suala la jina la nani litangulie kwenye makala mlimalize siku hiyohiyo, kwa maandishi, hata kama mlisoma darasa moja.