Mpira wa chandimu baada ya rambo: namna ya kuufunga ukadumu

Historia ya soka ya Dar es Salaam husimuliwa kwa majina ya klabu. Yanga ilianza 1935, na mwaka uliofuata wakazaliwa watani wao, waliokuja kuitwa Sunderland kabla ya kuwa Simba mwaka 1971. Majengo yao yako Kariakoo hadi leo, Yanga Jangwani, Simba Msimbazi. Hiyo ni historia ya wenye jezi. Ya walio wengi ni chandimu: uchochoroni, miguu peku, magoli ya matofali mawili mawili, na mpira wa makaratasi.

Mpira huo ulitegemea mifuko ya plastiki, yaani rambo, na Juni 1, 2019 mifuko hiyo ikapigwa marufuku Tanzania Bara. Marufuku ilikuwa ya haki. Mitaro ilikuwa imejaa. Lakini rambo ilikuwa na sifa mbili ambazo matambara hayana: hainywi maji, na hewa inayonasa katikati ya mifuko iliufanya mpira udunde. Ndiyo maana mipira mingi ya matambara inayofungwa siku hizi ni mawe. Mtoto akipiga shuti mbili kidole gumba kinavimba, anaacha kucheza.

Dawa ni sponji. Kwa mafundi wa makochi mabaki yapo tele. Kata vipande vya ukubwa wa boksi la kiberiti. Ukikunja pande moja kubwa, mpira utakuwa na pembe zisizoisha hata uufunge vipi. Vishindilie ndani ya soksi ndefu hadi mzingo ufike kama sentimita 38. Hapo nyonga shingo ya soksi, kisha igeuze sehemu iliyobaki irudi kuufunika mpira wote, unyonge tena upande wa pili. Bonyeza kwa kidole gumba: ubonyee, kisha urudi wenyewe. Usiporudi, umeshindilia kupita kiasi.

Juu ya soksi vinafuata vitambaa. Omba kwa fundi cherehani mabaki ya kitambaa cha jezi au cha shela, si kanga wala fulana za pamba, kwa sababu pamba inanyonya maji na mvua za masika zitaugeuza mpira mzigo. Chana tepe za upana wa sentimita 5 na uzungushe hadi mzingo ufike 46 hivi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mkono ukizoea njia moja, tepe zote zinakatiana sehemu mbili tu, sehemu hizo zinavimba, na mpira unakuwa yai: unaupiga kulia, unakwenda kwa jirani. Kila ukimaliza mzunguko mmoja, sogeza mpira upana wa vidole viwili kabla ya kuanza mwingine. Ukiona bonde, pitisha hapo tepe inayofuata.

Kwa kufungia, usitumie katani. Inachubua miguu peku. Manila ni afadhali, ila inateleza na kulegea. Bora kuliko zote ni tyubu ya baiskeli iliyochoka viraka. Kata sehemu ya valvu uitupe, kisha ikate tyubu kwa kuizungukia, upana wa sentimita moja, upate ukanda mrefu usio na maungio. Nusu ya tyubu inatosha. Vuta ukanda kiasi tu unapozungusha. Ukiuvuta hadi mwisho utakatika penye kiraka katikati ya mechi, na sponji iliyobanwa mno haidundi. Mwisho wa ukanda usiupige fundo kwa nje, kwa sababu fundo linaumiza unyayo na ndilo la kwanza kufumuka. Upenyeze chini ya mizunguko minne au mitano, ukaze.

Kisha upime kwenye mizani ya duka. Mpira rasmi wa namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Huu ni mdogo sana kwa huo, basi uwe na gramu 300 hadi 400. Ukivuka hapo, fumua, punguza vitambaa. Sponji iache ilivyo.

Kuna mtindo wa zamani wa kuyeyusha nailoni kwa moto ili tabaka zigandane. Tafadhali msiwafundishe watoto. Nailoni inayoyeyuka ikidondokea ngozi inang'ang'ania na kuunguza, na moshi wake ni sumu.

Udogo wa mpira huu si kasoro. Mpira mdogo unaodunda kidogo unamlazimisha mtoto acheze chini, apige pasi fupi, atafute tobo badala ya kubutua. Na uchochoro wa Manzese hauna nafasi ya kubutua.

Mpira ukilowa, fumua ukanda wa tyubu, ukamue mpira, uuning'inize kivulini pamoja na ukanda hadi ukauke ndani kabisa, ndipo uufunge upya. Jua kali linaifanya tyubu ipasuke nyufa. Ukiufunga ungali na unyevu, sponji inaoza na kunuka, na wiki ya pili mtaanza soksi nyingine.