Uliza Fundi: Kifaa cha chenji kinachotema kila sarafu

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nimepewa vifaa viwili vya chenji vilivyong'olewa kwenye mashine za kuuzia soda za zamani. Kimoja kina soketi ya pini sita, na kibandiko chake kimeandikwa MDB. Kingine kina 24V na alama ya wimbi. Cha kwanza nilikilaza mezani nikakipa volti 24. Taa iliwaka, lakini kila sarafu ninayoingiza inatoka chini, na vitufe vya kutolea chenji navyo kimya. Rafiki yangu anasema vimekufa, nivunje niuze shaba. Mimi nilitaka kutengeneza kibubu kinachohesabu akiba. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usivunje chochote. Ulivyoeleza, hicho kifaa cha pini sita huenda ni kizima kabisa.

Kwanza kisimamishe wima. Ndani yake sarafu inateremka kwa uzito wake yenyewe, inapita mbele ya koili zinazopima madini na ukubwa, halafu kijimlango kinaamua iende kwenye mrija au irudi. Ukikilaza, sarafu inapita vibaya na vipimo vinavurugika. Mimi hukifunga kwenye ubao uliosimama, nikapima kwa timazi kabla ya kuwasha umeme.

Hata kikisimama wima, bado kitatema sarafu, na hapa ndipo wengi wanapokitupa. MDB ni lugha ambayo kifaa na mashine vinazungumza kwa waya. Kifaa cha MDB hakijiamulii. Kinangoja bodi kuu ya mashine ikiambie ni sarafu zipi kipokee, na mpaka kiambiwe, kinarudisha zote. Vitufe vile vile: ruhusa yake inatoka kwenye amri hiyo hiyo. Wewe umekiwasha bila bodi, hivyo kimefanya kazi yake sawasawa.

Kwa hiyo inabidi uwe bodi wewe. Mikrokontrola ndogo kama ile ya Arduino inatosha, maana chipu yake ya ATmega inaweza kutuma biti tisa. MDB inakwenda kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na ile biti ya tisa ndiyo inayotofautisha anwani na data: inawashwa kwenye baiti (kifungu cha biti nane) ya kwanza ya amri, inazimwa kwenye zinazofuata. Usiunganishe pini za mikrokontrola moja kwa moja kwenye waya za kifaa. Tumia optokapla, kijipande kinachopitisha ishara kwa mwanga, na transista.

Tuma 08 08 (namba zote za amri na majibu hapa ni za heksadesimali, yaani za msingi wa 16). Hiyo ni amri ya kuanza upya. Baiti ya mwisho ya kila amri ni jumla ya kuhakiki zilizotangulia. Kisha uliza hali kwa 0B 0B. Kikijibu 0B, kinakwambia, "Nimeanza upya." Ukiliona jibu hilo, jua akili yake ni nzima, na mimi hapo huwa nafurahi kama mgonjwa amefumbua macho. Halafu tuma 09 09, nacho kitakupa thamani ya kila aina ya sarafu inayoijua pamoja na kizidishio. Kibubu chako kitahesabu kwa namba hizo. Mwisho tuma 0C FF FF FF FF 08, ufungue sarafu zote na vitufe vyote. Endelea kuuliza 0B mara kwa mara bila kuacha, kisha dondosha sarafu. Utasikia "tak" ya kijimlango, na jibu litakuja, kwa mfano 52: sarafu ya aina namba 2, imeingia kwenye mrija. Baiti inayofuata ni idadi iliyomo kwenye mrija huo.

Kutoa sarafu moja ya aina 0, tuma 0D 10 1D. Mota ikizunguka na sarafu ikadondoka, umemaliza kupima.

Ikiwa kifaa kinapokea sarafu moja na kukataa ya pili iliyo sawa nayo, fungua mlango wa mbele kabla hujalaumu bodi. Niliwahi kuletewa kimoja chenye soda iliyokauka kwenye njia ya sarafu, utando mwembamba wa rangi ya kahawia kama asali iliyoganda. Sarafu ilikuwa inapunguza mwendo kidogo tu, na hilo lilitosha ikataliwe. Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, basi. Usiguse petroli wala tina, vinakula plastiki.

Cha pili, chenye alama ya wimbi, kinatumia umeme wa AC, unaogeuka mwelekeo, na mara nyingi kinasema itifaki ya Executive, lugha nyingine tofauti na MDB. Hicho usikipe DC, umeme wa mwelekeo mmoja, wala cha MDB usikipe AC. Nilipokuwa mwanafunzi niliunganisha transfoma ya volti 24 kwenye kifaa cha MDB, nikaona 24 ni 24. Moshi ulitoka kabla sijafika kwenye swichi. AC ya volti 24 ikinyooshwa na kuchujwa inafika karibu volti 34 za DC, na ndiyo MDB inayotarajia. Ila lazima inyooshwe kwanza. Na ukikuta kifaa cha zamani zaidi kilichoandikwa volti 110 au 120, umeme wa ukutani unafika mpaka kwenye waya zake. Hicho usikiwashe kikiwa wazi mezani.

Kwenye kile cha MDB, ukipata jibu 04, sensa ya mrija ina hitilafu. 07, mrija umekwama. Niandikie namba utakayoiona.

SWALI: Changu kinajibu vizuri lakini kinazijua sarafu za mark ya Ujerumani tu. Nikitupe?

JIBU: Hapana, kitunze. Sarafu za yuro zilianza kutumika badala ya mark tarehe 1 Januari 2002, na kukifundisha sarafu mpya kunahitaji kifaa cha mtengenezaji ambacho ni shida kukipata. Zitumie hizo mark kama tokeni za mchezo au za mashine ya kufulia ya jengo lenu: hakuna anayetembea nazo mfukoni, na kifaa tayari kinazitambua. Ila usizitoboe wala kuzichonga. Benki kuu ya Ujerumani bado inazibadilisha kuwa yuro, bila kikomo cha muda.