Kurudi kwenye vitumbua siku ya nne si kukosa uchungu

Dada yangu, pole sana. Umeuliza kama wewe ni mama mbaya kwa kuwa ulimzika mwanao wa wiki mbili bila chozi, na siku ya nne ukarudi kukaanga vitumbua. Hapana! Njaa ya wale wawili waliobaki haikukupa nafasi. Mwenye nacho angefunga duka hata arobaini nzima. Wanaokwambia "usilie, ni malaika" wanakufariji wanavyojua, lakini Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim. Lia, hata kama ni usiku jikoni. Maziwa yakijaa na kuuma, nenda kliniki, usione aibu. Na jina lake litaje. Wangu nilikaa miaka sita bila kumtaja, nikaugua.