Bibi yako alizaliwa wapi: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Mbagala. Sisi wazima, ila joto la Dar unalijua. Ujumbe wako nimeupata. Unasema unajaza fomu ya pasipoti huko Dodoma, umefika panapoulizwa asili, ukakwama: bibi mzaa mama alizaliwa Vanga, Kenya, akazikwa Jasini, Tanzania. Unauliza, sasa sisi kwetu wapi?

Kwetu Jasini, wilaya ya Mkinga, na sisi ni Watanzania. Bibi alizaliwa Vanga kweli, basi andika Vanga. Usipindishe.

Wadigo tulikuwa pande zote mbili kabla ya huo mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie kwenye mdomo wa mto Umba uende Ziwa Jipe na kuendelea hadi Ziwa Viktoria. Mdigo gani aliulizwa? Januari 1915 wakaja kupigana papo hapo Jasini, kwenye mashamba ya mkonge. Wajerumani walishinda, lakini walipoteza watu na risasi nyingi mno, hata kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, akaona heri vita vya kuvizia. Baada ya vita Mwingereza akashika pande zote, ndiyo maana bibi alipoolewa alivuka na sanduku lake bila kuulizwa karatasi.

Kilichotuumiza ni 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka, ukafunguliwa 1983. Huku mjini watu walizungumzia ndege na reli za Jumuiya. Sisi tulikuwa na wajomba ng'ambo. Na kwa Mdigo mjomba si mtu wa kusalimiwa sikukuu tu: zamani mtu alimrithi mjomba wake, si baba. Dini na sheria zimebadilisha mengi, lakini jaribu kuoza binti bila wajomba uone kama kikao kitakaa!

Kaka yake bibi alifariki mpaka ukiwa umefungwa. Habari ilifika wakati wa magharibi. Usiku bibi akajitanda kaniki, tukapita kwenye mikoko hadi palipokuwa na mtumbwi, mimi nimebeba taa ya chemli ambayo hatukuthubutu kuiwasha. Tope lilinifika magotini, kiatu kimoja nikakiacha humo. Tukawahi mazishi. Arobaini hatukwenda, na bibi hakuacha kulisema hilo mpaka anakufa.

Siku hizi mambo mepesi. Ukisimama Jasini upande wa baharini simu inakukaribisha Kenya ungali Tanzania, halafu inakula salio. Bada la muhogo na samaki wa nazi ni vilevile kote. Ngoma ya sengenya nayo, ingawa vijana sasa wanataka spika.

Kuhusu lile la kuficha Vanga kwa sababu rafiki yako kakwambia utasumbuliwa: akili hiyo siitaki. Mimi nimezaliwa Jasini, baba yako Pangani, vyeti vyetu vyote viwili viko kwenye bahasha kabatini. Kesho nitampa mdogo wako avipige picha akutumie. Wakitaka na cheti cha bibi, waambie hakuwahi kuwa nacho. Watakueleza kiapo gani kinahitajika, nami nitakwenda kuapa.

Mjomba wako wa Vanga anaoza mwezi wa tisa. Omba likizo mapema.

Mama yako