Shingo ya Mwanangu Haikuwa na Uchafu

Wiki iliyopita mama mmoja wa Nachingwea kaniandikia. Ana binti wa miaka 8, wenzake darasani wanamwita tipwatipwa, na yeye mama mtu hapati usingizi. Aliona picha ya mwanangu, ambaye naye alikuwa mnene, niliyoweka sikukuu, akauliza: "Dada yangu, ulimpa dawa gani? Mimi nimeshahangaika mpaka na majani ya mlonge."

Nikamjibu kwa kifupi kwamba sikumpa dawa yoyote. Usiku nikaona nimemdhulumu, maana najua mtu anakuwa katika hali gani anapouliza swali kama lile. Basi nasimulia yote, na wewe mwenye mtoto wa aina hiyo soma mpaka mwisho.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, Chikongola. Kila Desemba na Januari ninashona sare mpaka macho yanauma. Januari 2025 nilimwita mwanangu nimpime suruali, ndiyo kwanza anaingia darasa la nne, ana miaka 9. Futi kamba ikasimama kwenye inchi 31 kiunoni. Nikadhani imejikunja nyuma. Nikapima upya, inchi 31. Siku mbili kabla nilikuwa nimemshonea mteja wangu, mwanamke mzima mwenye watoto wanne, sketi ya kiuno hicho hicho. Nikaandika kwenye daftari, nikalifunga, sikumwambia mtu.

Kabla ya hapo nilikuwa najivunia, lazima niseme ukweli. Nikipita naye sokoni wanawake wananiambia, "Mama, mtoto kanawiri, mnaishi vizuri." Ungekuwa wewe usingefurahi? Mimi nimekulia Newala. Mama yangu alitulea miaka ambayo watu waliingia porini kuchimba ming'oko ili nyumba ipate kulala na kitu tumboni. Kwake mtoto mwembamba ni aibu ya mzazi. Kila tukienda kumsalimia anamwita mjukuu wake, "Mume wangu, njoo ule," na sahani ya kwanza ikiisha anaongeza ya pili bila kuuliza. Na huku kwetu tumezoea kuhubiriwa udumavu, kwa sababu upo kweli: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Nani angekuja kuniambia kwamba wangu amezidi?

Na kadi ya kliniki nayo inaishia miaka mitano. Mpaka hapo unampeleka kila mwezi, anapimwa, nesi anaweka nukta, unaona mstari unakwendaje. Akitimiza mitano kadi inaingia kabatini. Kuanzia hapo mwanangu hakupanda mzani hata siku moja mpaka alipofika miaka 9.

Shida yetu iliingia pamoja na neema. Mume wangu ana mikorosho ya urithi, na msimu wa 2024 bei mnadani ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo tukanunua friji. Friji lisingeweza kukaa tupu, likajaa soda. Mjomba wa mwanangu akija anakuja na chipsi mayai, na huku kwetu mjomba hakataliwi. Shuleni nikamwekea bajaji ya mwezi, nikijiona mama ninayejali. Asubuhi maandazi manne na chai ya maziwa, jioni katuni mpaka saa nne usiku. Kila kitu kilifanywa kwa mapenzi, na ndiyo maana iliniuma sana baadaye.

Sasa shingo. Nyuma ya shingo ya mwanangu palikuwa na weusi, mnene, wenye mikunjo midogo, ukiugusa ni kama mahameli. Na kwapani vilevile. Nilijua ni uchafu. Kila jioni nilimsimamisha bafuni nikamsugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia. Analia, "Mama inawaka," namwambia, "Ungekuwa unaoga vizuri isingewaka." Miezi mingi nimefanya hivyo. Ngozi ikachubuka, weusi ukabaki.

Nikampeleka hospitali nikitaka dawa ya ngozi. Kwenye foleni, mbele ya watu kama ishirini, mtumishi mmoja akamwambia apande mzani, kisha akasema kwa sauti: "Mama, huyu ni mtoto au gunia la korosho? Mnamlisha nini?" Watu wakacheka. Mwanangu akashuka kwenye mzani, akavaa viatu vyake taratibu, hakufunga kamba. Mpaka leo nikipita karibu na jengo lile kifua kinanibana. Hatukumwona hata daktari, tulirudi nyumbani.

Yaliyofuata ndiyo ninayotaka watumishi wa afya wayasome. Kwanza, sikurudi hospitali yoyote kwa miezi saba. Pili, na mimi kwa hasira nikamgeukia mtoto. Nikamnyima chakula cha usiku, nikamfungia friji kwa kufuli, huku dada yake mwembamba namwachia anywe soda mbele yake. Tatu, akaanza kula kwa kujificha. Siku nafagia chini ya kitanda chake nikatoa chupa tano tupu na mfuko wa maganda ya karanga. Nilikaa sakafuni na ule ufagio mkononi nikalia. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wa miaka 9 kuiba nyumbani kwao.

Kilichotuokoa ni nesi mmoja wa zahanati, mama wa makamo. Nilikwenda kwa ajili yangu, presha. Akamwona mtoto, akamwita, akamwamkua vizuri, akatazama shingo. Hakusema chochote kuhusu unene. Akaniuliza, "Mama, huu weusi unausugua?" Nikanyamaza. Akaniambia: huu si uchafu, acha kusugua. Kongosho linatoa insulini, kile kichocheo cha kushusha sukari kwenye damu, nyingi kupita kiasi kwa sababu mwili umeanza kutoitikia, na ngozi ya shingo na kwapa ndiyo inayoonyesha. Ni onyo la kisukari cha ukubwani, na siku hizi kinawapata hata watoto. Akapima sukari, ikawa sawa. Alipompima uzito aliugeuza mzani ili mtoto asisome. Kilo 46, urefu sentimita 132. Akatuandikia twende kwa afisa lishe wa halmashauri.

Afisa lishe alisema jambo moja ambalo ningepewa ruhusa ningelibandika kila zahanati ya Mtwara na Lindi: mtoto anayekua hahitaji kupungua kilo, mara nyingi inatosha uzito usiongezeke mbio huku urefu unapanda. Na akaniambia nitumie futi kamba yangu mwenyewe: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Mwanangu alitakiwa awe chini ya inchi 26. Alikuwa na 31.

Tulichofanya ni kidogo tu, ila tulikifanya nyumba nzima. Soda imetoka nyumbani. Baba yake alikuwa mbishi, basi nikachukua glasi, nikahesabu vijiko tisa vya chai vya sukari ndani yake, nikamwekea mezani. Chupa moja ya mililita 350 ina karibu hivyo, kama gramu 37. Aliitazama ile glasi muda mrefu, hakubisha tena. Asubuhi maandazi yakawa ya Jumapili, siku nyingine muhogo wa kuchemsha au viazi vitamu na mbaazi, vyakula ambavyo tulikuwa tumeviona vya kimaskini. Bajaji nikaiachisha, anatembea dakika 25 na wenzake. Jioni mpira wa mtaani mpaka magharibi, maana Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate walau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Saa tatu taa inazimwa. Kufuli la friji nikalitupa.

Miezi ya kati sina la kusimulia, ilikuwa ni kurudia hayo hayo.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa watu. Mama yangu aliniambia, "Mwanangu, unamwonea wivu mtoto kwa chakula cha babaake?" Sikubishana naye kwa maneno. Nilimpeleka zahanati kwa nesi yule yule, wakazungumza watu wazima wawili, na bibi alipoonyeshwa ile shingo akasema babu yetu mmoja aliyekatwa mguu kwa kisukari alikuwa nayo vilevile. Sasa sahani ya pili anaweka papai. Mjomba naye nilimwomba, kwa heshima yake, kama anampenda mpwawe amletee mpira. Kaleta miwili.

Wazazi wenzangu, acheni kumwita mtoto kibonge. Acheni, hata kwa kumpenda. Msimnyime chakula, msimpikie chungu chake peke yake kama mgonjwa, msimnunulie majani na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa mitandaoni. Mlichomlisha mlimlisha ninyi, badilikeni ninyi kwanza. Mkiona weusi ule shingoni wekeni dodoki chini mwende mkapime sukari. Nanyi watumishi wa afya, ninyi ndugu zetu, mama akifika kwenu na mtoto mnene amekuja tayari na aibu yake, msimwongezee. Muulizeni nyumbani wanakula saa ngapi, mtoto analala saa ngapi, nani ananunua soda. Nesi yule alitumia dakika kama kumi na tano na mimi. Yule wa kwenye foleni alitumia sekunde chache, na nikapoteza miezi saba.

Mama wa Nachingwea, hujachelewa. Wangu bado ni mkubwa kuliko wenzake, sitakudanganya. Ana sentimita 140 na kilo 47, yaani tangu siku ile kaongeza kilo moja tu. Weusi wa shingo umepauka, lazima umgeuze kwenye mwanga ndiyo uuone. Juzi kaniletea ile suruali ya shule, inamwacha miguu nje. Nilifumua upindo nikaushusha inchi mbili, nikapiga pasi mstari wa zamani mpaka ukapotea. Kiunoni sikuongeza hata uzi, na alipoivaa alinionyesha kwamba sasa inahitaji mkanda.