Usianze na draiva: printa kuukuu na mashine pepe

Ofisi nyingi bado zina programu ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) inayotoa ankara, pamoja na printa ya sindano kama Epson LX-300 inayochapa nakala tatu kwa mkupuo. Kompyuta ikifa, fundi huihamishia programu kwenye mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine. Inafunguka vizuri, hesabu zote zipo. Ukiagiza kuchapa, kimya.

Wengi hukimbilia kutafuta draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na printa), na hapo ndipo muda unapopotea. Programu ya DOS haitumii draiva ya Windows. Inapeleka baiti zake LPT1, poti ya zamani ya printa, maandishi yamechanganyika na amri za ESC/P, lugha ya printa za Epson, ambazo printa yenyewe inazielewa. Kazi yako ni kuzifikisha baiti hizo bila chochote njiani kuzigusa.

Ile waya ya USB yenye kichwa cha pini 36 sikushauri uitegemee peke yake. Kompyuta huiona kama printa ya USB, si poti ya LPT, kwa hiyo programu inayoandikia anwani 378, ambayo ni ya LPT1, haina pa kuandikia. Hyper-V nayo, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, haina poti ya LPT kabisa.

Mimi hutumia seva ndogo ya printa: kisanduku chenye tundu la mtandao upande mmoja na la LPT upande wa pili. Kipe anwani ya IP isiyobadilika. Ndani ya mashine pepe weka Windows XP ya biti 32, kwa sababu Windows za biti 64 haziendeshi programu za DOS. Ongeza printa kwa Standard TCP/IP Port, hali ya Raw, poti 9100, na draiva ya Generic / Text Only. Ishirikishe kwa jina fupi, kisha andika amri hii kwenye Command Prompt (hapa mashine pepe inaitwa DUKA, na jina fupi la printa ni EPSON):

net use lpt1 \\DUKA\EPSON /persistent:yes

Ikikataa, ingia kama msimamizi ujaribu tena.

Karatasi ikitoka na alama za ajabu, acha kubahatisha, iulize printa. Kwenye LX-300, izime, shikilia LF/FF na Load/Eject pamoja, kisha iwashe. Sasa itachapa kila baiti inayoipokea kwa tarakimu za heksi (namba za msingi wa 16). Ukiona 1B 40, hiyo ni amri ya kuirudisha printa kwenye hali yake ya mwanzo. 0F hubana herufi. 0C husukuma ukurasa utoke. Zikiwa zimefika zote, njia ni nzima na tatizo liko kwenye mipangilio ya printa. Nimeona mafundi wakibadilisha waya siku nzima kwa jambo ambalo karatasi hiyo moja ingelimaliza.

Ankara inaweza pia kuchelewa. XP husubiri sekunde 15 za ukimya kabla ya kuamini kwamba programu ya DOS imemaliza kuandika, na mteja yuko dirishani. Thamani hiyo inaitwa LPT_timeout, iko kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake) chini ya Control\WOW. Ipunguze kidogo kidogo. Ukiishusha mno, ankara ndefu itakatwa vipande viwili.

Usaidizi wa XP ulikoma Aprili 2014, kwa hiyo mashine hiyo usiiachie intaneti. Kwenye ukuta wa moto iruhusu ifike poti 9100 ya seva ya printa tu, kwingine kote ifungie.